Kanda Iko Chini ya Kitanda: Mwongozo Kamili wa Kusaka Vipindi vya Televisheni Vilivyopotea

Nyumbani kwetu Tanga antena ilisimama juu ya mwanzi mrefu uliofungwa kwenye mwembe, na kazi ya kuuzungusha ilikuwa ya kaka yangu. Yeye uani, mimi dirishani, mama mbele ya runinga. "Bado chenga! Rudi kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Ukiugeuzia mwanzi huku unaipata TVZ ya Zanzibar, ukiugeuzia kule, hali ya hewa ikikubali, unaipata Sauti ya Kenya (VOK) kutoka Mombasa. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994. Televisheni ya utotoni mwangu ilikuwa ya majirani, na tuliipenda kama yetu.

Nimekua, na sehemu kubwa ya niliyoyaona sijapata kuyaona tena. Vipande vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, vichekesho vya kituo cha Kenya, vipo mtandaoni, kwa hisani ya kituo chenyewe na ya watu waliohifadhi. Lakini ile michezo ya kuigiza ya studio iliyodumu msimu mmoja, vipindi vya watoto, taarabu zilizopigwa studio, matangazo ya biashara, na yule mtangazaji aliyetuaga kila usiku kabla ya wimbo wa taifa, viko wapi? Nimevisaka kwa miaka kadhaa. Yaliyomo humu ni niliyojifunza, nimeyapanga kwa namna ambayo ningependa mtu angenipangia mimi siku ya kwanza.

Kwanza ujue kwa nini vilipotea

Usipojua hili utapoteza miezi ukigonga mlango mmoja. Mashine za kurekodi picha za televisheni zilianza kuuzwa na kampuni ya Ampex mwaka 1956. Kanda zake zilikuwa na upana wa inchi 2, nzito, na za bei ya kutisha. Kituo kilichonunua kanda kiliitumia, kikaifuta, kikairekodia tena. Hata wenye fedha walifanya hivyo: BBC ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960, na NASA ilitumia tena kanda za asili zenye picha za Apollo 11. Sembuse kituo cha nchi iliyokuwa ikinunua kanda kwa fedha za kigeni.

Vingine havikurekodiwa kabisa. Vilirushwa moja kwa moja kutoka studio, taa zikazimwa, vikaisha. Na vingine vimo kwenye kanda ambazo hazijafutwa ila mashine yake haipo tena, za mifumo kama U-matic ya mwaka 1971 na Betacam ya mwaka 1982. Kanda ipo rafuni, fundi aliyeijua mashine amestaafu, na mashine yenyewe imeng'olewa vipuri.

Sasa sikiliza habari njema. VHS, kanda ya video ya nyumbani, ilitoka mwaka 1976, na miaka iliyofuata deki, yaani mashine za kuirekodi na kuicheza, zikaingia majumbani mwetu, nyingi zikiletwa na ndugu waliofanya kazi Uarabuni. Tangu hapo kila nyumba yenye deki ikawa maktaba bila kujijua. Ndiyo maana nasema: usianzie kituoni, anzia chini ya vitanda.

Hatua ya kwanza: andika yako kabla hujamuuliza mtu

Chukua daftari. Andika kila unachokikumbuka kuhusu kipindi unachokitafuta, kabla hujaingia mtandaoni na kabla hujampigia dada yako simu. Kumbukumbu ni kama maji ya mtungi. Ukishachotea kata yenye tope, huyatenganishi tena. Ukishasikia mwenzio akisema "yule mzee alikuwa na kofia nyekundu", kesho utaapa kwamba kofia uliiona mwenyewe, hata kama runinga yenu ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe.

Mbele ya kila jambo weka alama: niliona mwenyewe, niliambiwa, au nimeliona baadaye mtandaoni. Kisha andika mambo ya pembeni, maana hayo ndiyo yatakayokupa tarehe. Mlikuwa nyumba gani? Nani alikuwa bado hai? Ulikuwa darasa la ngapi? Kilionyeshwa kabla ya taarifa ya habari au baada yake? Mlipaswa kulala shule ikiwa kesho, au ilikuwa Jumamosi? Mimi nilishindwa kabisa kuukumbuka mwaka wa mchezo mmoja, mpaka nikakumbuka kwamba tuliutazama kwa shangazi kwa sababu kwetu kulikuwa na arobaini ya babu. Mwaka aliofariki babu naujua.

Hatua ya pili: kusanya za wengine bila kuzichafua

Ukienda kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la wanafunzi wenzako, usiulize, "Mnamkumbuka yule mama aliyemmwagia mumewe uji?" Hapo umeshawapa jibu. Uliza, "Jioni za Jumapili mlikuwa mnatazama nini? Nani alichekesha zaidi?" Tena mwombe kila mmoja akutumie ujumbe wa sauti faraghani, siyo kwenye kundi. Kwenye kundi wa kwanza kusema ndiye huwa mwenye kumbukumbu, wengine wote huitikia.

Watu watatu wasiofahamiana wakisema jambo moja, liandike kwa kalamu ya wino. Wakitofautiana, andika tofauti zote. Usichague iliyo tamu. Wimbo wa kuanzia kipindi ni hazina ya pekee. Watu husahau majina ya wahusika lakini hawasahau wimbo. Waombe waimbe, uwarekodi, hata kama wamebaki na mstari mmoja.

Na wazee wasisubiri. Benson Wanjau, aliyetuchekesha miaka mingi akiwa Mzee Ojwang', alifariki Julai 2015. Kila mwaka kuna mtu wa studio ambaye hatutaweza kumuuliza tena.

Hatua ya tatu: magazeti

Hii ni kazi ya kukaa kitako. Magazeti yalichapa ratiba za televisheni kila siku. Kenya una Daily Nation, Standard na Taifa Leo. Tanzania, kuanzia 1994, tazama Nipashe, Majira na mengineyo. Majalada ya zamani yapo Nyaraka za Taifa na Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Kabla ya kusafiri piga simu uulize utaratibu wa kuingia na kama kupiga picha kwa simu kunaruhusiwa.

Anza na miezi miwili tu ya mwaka unaoushuku. Andika jina la kipindi jinsi lilivyochapwa, kituo, siku na saa. Kipindi kilichokaa kichwani mwako kwa jina la mhusika mara nyingi kina jina lingine rasmi, na bila hilo mhifadhi wa kanda hawezi kukusaidia.

Hatua ya nne: mahali kanda zinapojificha

Hapa ndipo penye utajiri.

*Wapiga picha za harusi.* Fundi wa video wa miaka ya 1980 na 1990 alikuwa na deki mbili au zaidi, na alijaribia mitambo yake kwa kurekodi chochote kilichokuwa hewani. Mwulize kuhusu kanda za majaribio, siyo za harusi.

*Mikia ya kanda.* Kanda ya VHS yenye alama E-180 inachukua saa 3 kwa mwendo wa kawaida, saa 6 kwa mwendo wa polepole. Harusi ikichukua saa 2, baada yake kuna saa nzima ambayo mtu alirekodia taarifa ya habari, mpira au tamthilia. Lebo inasema "Send-off ya Mwajuma". Usiiamini lebo; nenda mpaka mwisho wa kanda.

*Maduka ya kukodisha na vibanda umiza.* Wengi waliotoza kiingilio ili watu watazame filamu walirekodi pia televisheni ya kituo kwa wateja wasio na runinga. Duka lilifungwa, kanda zikahamishiwa stoo ya mke au kwa mkwe.

*Ng'ambo ya mpaka.* Matangazo ya TVZ yalinaswa Dar es Salaam na Tanga; ya Kenya yalinaswa Tanga na upande wa Kilimanjaro. Kwa hiyo kipindi cha Zanzibar kitafute pia Tanga, na cha Nairobi kitafute Moshi. Wazanzibari walio Oman walipelekewa kanda za taarabu na za sherehe kutoka nyumbani; kabati la Muscat linaweza kuwa na ambacho Unguja hakipo.

*Wafadhili na vyuo.* Michezo mingi yenye mafunzo ya uzazi wa mpango, afya na kilimo ililipiwa na mashirika, na shirika hupenda nakala ya kazi iliyolipia. Waulize. Vilevile chuo cha sanaa Bagamoyo, idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chuo cha mawasiliano ya umma cha KIMC, Nairobi, walikosomea watangazaji na mafundi wengi.

*Kituo chenyewe.* Sasa ndiyo uende, ukiwa na jina sahihi, tarehe na saa. Andika barua, usipige soga mapokezini. Kituo cha umma cha Kenya unaweza kukiandikia kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Mara nyingi aliyeko ofisini hajui, lakini aliyestaafu anajua; omba uelekezwe kwa mzee wa maktaba ya kanda.

Ukianza kukata tamaa, kumbuka Jos. Mwaka 2013 BBC ilitangaza kupatikana kwa vipindi 9 vya tamthilia yake Doctor Who vilivyodhaniwa vimepotea kabisa. Vilikuwa filamu za milimita 16, zilizokaa kwenye stoo ya kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria. Waingereza walifuta vyao. Afrika ikabaki navyo.

Hatua ya tano: kubisha hodi

Kanda ya mtu ni maisha yake. Usiingie na mfuko ukisema "nipe". Nenda mara ya kwanza bila kuomba kitu: shikamoo, habari za wanyumba, kaa, kunywa chai, sikiliza. Mara ya pili ndipo useme, kwa mfano:

"Shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa Tanga, nakusanya kumbukumbu za televisheni ya zamani. Nimesikia marehemu baba alikuwa anarekodi. Nikikuta kanda yoyote, nitaibadilisha iwe faili bila malipo, kanda yako nitairudisha na nakala yake. Sitamwonyesha mtu picha za familia."

Na hilo la mwisho ulishike kama amana, maana lina uzito kuliko unavyodhani. Kanda za pwani zimejaa sherehe za wanawake peke yao: singo, unyago, ngoma za ndani. Watu wamevua buibui, wamejiachia kwa sababu walikuwa wao kwa wao. Kama wewe ni mwanamume, mtafute mwanamke wa familia ile akae na mashine wakati sehemu hiyo inapita, au ipite bila kioo kuwashwa. Nimeshaona mtu akinyimwa makasha manne ya kanda kwa sababu mtangulizi wake aliweka mtandaoni kipande cha singo ya mtu. Ile nyumba imefungwa kwetu sote.

Andikishianeni: kanda ngapi, lebo zinasemaje, umezichukua lini, utazirudisha lini. Piga picha kila kasha mbele yake.

Hatua ya sita: umeipata, usiitie kwenye deki

Najua mikono inawasha. Ngoja. Kanda nyingi haziuawi na miaka, zinauawa na siku hiyo moja ya furaha.

Itazame kwanza kwenye mwanga kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au nyuzi za kijivu juu ya mviringo wa utepe, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa Mombasa, Tanga na Unguja utaikuta mara nyingi. Itie kwenye mfuko wa plastiki peke yake, vaa barakoa unapoishika, na usiipitishe kwenye deki yako: vumbi la kuvu litabaki ndani na kuambukiza kila kanda itakayofuata. Hiyo ni ya fundi mwenye deki asiyojali ikiharibika. Kama ni filamu iliyozungushwa kwenye gurudumu na inanuka siki, imeanza kuoza. Itenge na nyingine na iwahishwe kwa wataalamu.

Kama ni safi, vunja kile kidude kidogo cha plastiki mgongoni mwa kanda upande wa kushoto. Bila hicho deki haiwezi kurekodi juu yake, hata ukikosea kitufe. Kisha iache siku nzima kwenye chumba utakachofanyia kazi, ipate joto la pale. Kanda iliyotoka kwenye kiyoyozi ikiingia chumba chenye unyevu hutoa jasho, na utepe wenye jasho hunata kwenye kichwa cha deki.

Deki nayo iandae. Ifungue, usafishe kichwa kwa spiriti ya isopropili na kipande cha ngozi laini, siyo pamba, kwa sababu nyuzi za pamba hunasa. Shika ngozi itulie, uzungushe silinda kwa mkono. Kamwe usisugue juu na chini, utang'oa kichwa. Ijaribu kwa kanda usiyoijali. Ikitafuna hiyo, umeokoka. Kiwanda cha mwisho kinachojulikana kutengeneza deki za VHS, Funai cha Japani, kiliacha mwaka 2016, kwa hiyo deki nzuri ya mtumba inunue sasa hivi, na ukipata ya pili iweke kwa ajili ya vipuri.

Mwisho, ipeleke kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe mwanzo mara moja ili matabaka yaliyogandana yaachane. Ndipo ubonyeze kucheza, huku tayari unarekodi. Usijipe "mara moja ya kutazama tu". Huenda ndiyo mara pekee itakayokubali.

Hatua ya saba: kunakili

Unahitaji deki, waya za AV (njano picha, nyeupe na nyekundu sauti), kifaa cha USB cha kunasa video, na kompyuta. Programu ya OBS Studio ni ya bure na inatosha kuanzia. Kama deki ina tundu la S-Video, litumie, picha hutoka safi zaidi.

Rekodi kwa ukubwa wa asili, 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, kwa sababu Afrika Mashariki tulitumia mfumo wa PAL. Faili ya kwanza usiirembe: usiongeze rangi, usiikate, usiondoe mistari. Saa moja kwa mfumo wa DV hula kama GB 13. Usiogope, diski ni rahisi kuliko majuto. Kwenye nakala ya kutazamia fanya utakavyo.

Ndugu walioko Marekani wakikuambia kanda ya nyumbani "imeharibika, picha inaruka na haina rangi", wazuie wasiitupe. Deki zao ni za mfumo wa NTSC. Watafute deki ya mifumo mingi.

Weka nakala tatu: moja kwenye diski yako, ya pili kwenye diski nyingine, ya tatu mji mwingine au mtandaoni kwa faragha. Flashi ni ya kusafirishia, siyo ya kuhifadhia.

Hatua ya nane: ipe tarehe

Rekodi bila tarehe ni nusu rekodi. Tazama nembo: VOK ya Kenya ikawa KBC mwaka 1989, na TVT, televisheni ya taifa ya Tanzania, ikaja kuwa TBC. Rais anayetajwa kwenye habari: Mwinyi ni 1985 hadi 1995, Mkapa ni 1995 hadi 2005, Moi ni 1978 hadi 2002. Matangazo ya biashara ndiyo kalenda bora kuliko zote. Tangazo la kampuni ya simu ya Zain haliwezi kuwa nje ya 2008 hadi 2010, kwa kuwa kabla ilikuwa Celtel na baadaye ikawa Airtel. Ndiyo maana usimruhusu mtu akate matangazo "ili kipindi kitazamike vizuri".

Jina la faili liwe na kituo, kipindi, mwaka, na ulikotoa kanda. Ukikisia mwaka, andika neno "takriban".

Hatua ya tisa: kuonyesha

Kumiliki kanda siyo kumiliki kipindi. Kwa sheria ya Kenya ya 2001 na ya Tanzania ya 1999, kazi za picha na sauti zinalindwa kwa miaka 50, kwa hiyo vya miaka ya 1980 na 1990 bado vina wenyewe. Uliza ofisi za hakimiliki: KECOBO kwa Kenya, COSOTA kwa Bara, COSOZA kwa Zanzibar. Njia ninayoipenda ni kukipelekea kituo nakala bure kwa barua, na kuomba ruhusa ya maandishi kuonyesha vipande. Wasanii wenyewe au watoto wao wapelekee kwanza. Wengi hawana hata dakika moja ya kazi yao. Usitoze fedha.

Mwaka jana nilirudisha kanda sita kwa mama mmoja wa Ngamiani. Kwenye mkia wa harusi ya mpwa wake kulikuwa na dakika 11 za TVZ: mwisho wa mchezo ambao sijaujua jina, tangazo la sabuni, na mtangazaji akitutakia usiku mwema. Nilimwekea harusi kwanza. Akatazama kidogo, akaniambia, "Peleka mbele mwanangu, harusi naijua. Nionyeshe pale ambapo marehemu alisahau kuzima."

Jina la ule mchezo bado nalitafuta. Mhusika mkuu anauza maandazi, na wimbo wake unaanza kwa neno "jirani".